Tarakimu Nne za Mlangoni

Mlango wa maktaba yetu ulinikataa Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, saa tatu na dakika tano asubuhi, na mpaka leo sijausamehe. Nilikuwa nimevaa koti langu la kijivu, nywele nimechana, kitabu cha kurudisha kimo mkobani. Nikaingiza kadi yangu ya njano ya afya, inayotumika pia maktaba, ile ambayo namba yake huanza na tarehe ya mtu ya kuzaliwa, nikabonyeza tarakimu nne. Kidude cha kusomea kadi kikatoa mlio na taa ikawa nyekundu. Nikabonyeza tena, polepole. Nyekundu. Mara ya tatu nikavua glavu. Nyekundu tena, na yakatokea maandishi: kadi imefungwa hadi kesho.

Niliangalia huku na huku kama kuna aliyeniona. Barabara ilikuwa tupu. Nikarudi nyumbani na kitabu changu, nikijiambia kuwa ni baridi, ni vidole, ni kile kidude. Nilipofika jikoni na kuweka maji ya kahawa, nikazibonyeza tena zile nne juu ya meza, moja moja, na zilikuwa zilezile.

Zamani mlango huo ulifunguliwa na mtu. Merete, mkutubi wetu, alikuwapo kila siku kwa miaka ishirini na sita, akijua nani anapenda vitabu vya mauaji na nani anajifanya hapendi. Kisha baraza la manispaa likaamua kwamba mji wetu mdogo wa Nørrelunde uwe na maktaba ya kujihudumia: wazi siku saba kwa wiki, asubuhi mpaka usiku, bila mfanyakazi ndani. Merete angekuja Jumanne tu, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Gazeti liliandika kwamba tumeongezewa huduma. Mimi hesabu naijua. Nilipewa mlango, nikanyang'anywa Merete.

Jina langu ni Ellinor Kragelund, nina miaka themanini na mitatu, na namba ndiyo kazi iliyonilisha. Nilianza kwenye ubao wa simu wa Nørrelunde nikiwa na miaka kumi na saba, enzi ambayo mtu aliinua mkono wa simu akasema tu, "Nipe daktari," nami nikachomeka waya. Daktari alikuwa 12. Kiwanda cha maziwa 7. Mchungaji 31, na mkewe hakupenda kupigiwa kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa na namba mia nne kichwani na sikuwahi kufungua daftari. Baadaye ikaja mitambo inayojiunganisha yenyewe, nikapewa shada la maua na kurudishwa nyumbani. Kwa hiyo mashine hainitishi, tulishajuana. Kinachonitisha ni kichwa changu.

Hofu hiyo nayo ilikuwa na jina: Egon Bjerre, jirani yangu wa nyumba ya pili. Alisahau namba yake mwezi wa Agosti, mlango ulipokuwa kwenye majaribio. Merete, kwa wema wake, akampigia simu mwana wa Egon. Mwanawe akampigia mtu wa manispaa. Mtu wa manispaa akaja na makaratasi, akamuuliza Egon leo ni siku gani, akamwomba achore saa. Egon akachora saa isiyo na mishale. Kufikia Oktoba alikuwa kwenye nyumba ya wazee, chumba kimoja, dirisha linatazama maegesho ya magari, na mbele ya nyumba yake kuna kibao cha kuuzwa. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi, kwamba kila mmoja alikuwa mwema kwake.

Namba yangu mimi iliwekwa na binti yangu, Dorthe, mwezi wa Septemba. Anakaa mjini, mwendo wa nusu saa kwa gari, na ndiye anayenisomea barua za serikali, maana siku hizi zote zinakuja kwenye kompyuta. Alinipeleka maktaba Jumanne moja, tukasimama mbele ya kidude pamoja na Merete.

"Tusiweke kitu kigumu, Mama," alisema. "Naweka siku yangu ya kuzaliwa. Hiyo hata wakikukata kichwa utaijua."

"Wakinikata kichwa sitakwenda maktaba."

Merete akacheka. Dorthe akasogea kubonyeza. Merete akageuza uso kutazama rafu ya vitabu vya bustani, nami nikageuza uso kutazama dirisha. Mtu akibonyeza namba ya siri hakodolewi macho, hata kama ulimnyonyesha mwenyewe.

"Tayari," Dorthe akasema. "Itaanza kufanya kazi Oktoba. Na usiiandike popote, sawa?"

Sikuiandika. Kwa nini niiandike? Dorthe alizaliwa tarehe kumi na nne Machi, theluji imefika madirishani, mkunga amekuja kwa trekta. Kila mwaka siku hiyo naweka kibendera mezani, kama desturi yetu ya siku ya kuzaliwa, kabla sijavaa hata soksi. Kumi na nne, sifuri tatu. Ndivyo nilivyobonyeza Jumatatu ile, mara tatu, na ndivyo nilivyobonyeza kesho yake asubuhi, na mlango ukakataa.

Nilikwenda chooni, ambako nimetundika kalenda ya siku za kuzaliwa za watu wangu. Machi, tarehe kumi na nne: Dorthe. Mwandiko ni wangu, wa miaka mingi. Basi tarehe ni sahihi. Mlango nao haukosei, kwa kuwa mashine haizeeki. Nikakaa juu ya kifuniko cha choo nikawaza mpaka miguu ikafa ganzi. Lilibaki jambo moja tu: Dorthe hakusema siku yake ya kuzaliwa. Alisema kitu kingine, na mimi kichwani mwangu nikatunga mazungumzo mazima ambayo hayakuwapo, pamoja na kicheko cha Merete.

Sijawahi kuogopa hivyo maishani. Hata Knud, mume wangu, alipofia mikononi mwangu sikuogopa hivyo, maana pale nilijua nini kinatokea.

Siku zilizofuata nilijaribu siku yangu mwenyewe ya kuzaliwa. Nikajaribu siku ya harusi yetu. Nikajaribu namba ya nyumba, na sifuri mbili mbele. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Kuuliza nisingeweza. Nikimuuliza Dorthe, atajua. Nikimuuliza Merete, atampigia Dorthe, kwa wema wake.

Ndipo nikaanza kuiba mlango. Sina neno jingine. Kuna baba mmoja kijana, Jeppe, ambaye kila asubuhi saa tatu na robo huacha kigari cha mtoto nje, kama ilivyo desturi huku kwetu, mtoto amelala ndani yake amefunikwa vizuri, halafu anaingia kuchukua vitabu. Nilisimama kwenye kibao cha matangazo nikijifanya nasoma habari za kwaya. Alipofungua, nikawa nyuma yake.

"Ingia, bibi, nimekushikia," alisema. "Umesahau kadi?"

"Iko chini kabisa ya mkoba. Ukifika umri wangu utaona mkoba unavyomeza vitu."

"Wangu umejaa nepi."

Tukacheka wote wawili, kisha nikainua macho. Juu ya mlango wa ndani kulikuwa na kamera, na chini yake tangazo: kila mtu aingie kwa kadi yake, atakayeingia nyuma ya mwenzake ataandikiwa barua. Miaka themanini na mitatu sikuwahi kuchukua hata tufaha la jirani. Sasa nilikuwa napita chini ya kamera nimeinamisha kichwa kama mwizi wa baiskeli.

Ndani, magazeti yalikuwa mahali pake. Kiti changu karibu na kipasha joto pia. Kaunta ya Merete ilikuwa imefunikwa kitambaa, na pale alipokuwa akikaa palikuwa na skrini inayosema karibu. Ukiweka kitabu juu ya meza ya kurudishia, sauti ya kike isiyokuwa na mtu inashukuru. Nilisoma gazeti lote bila kuelewa mstari hata mmoja. Nilikuwa nasikiliza kama kuna anayekuja kuniondoa.

Nilifanya hivyo wiki tano. Mngeniuliza kwa nini nisikae nyumbani. Nyumbani kuna saa ya ukutani na mimi, basi. Na nilijua kwamba siku nitakayoacha kwenda maktaba, mtu ataiona, ataniuliza kama niko salama, na yale makaratasi ya kuchora saa yatakuja. Kwa hiyo nilichora saa mwenyewe, kila jioni, kwenye bahasha kuukuu. Mishale yangu ilikuwa mizuri. Nilitaja namba za ubao wa simu kwa sauti: daktari 12, maziwa 7, mchungaji 31. Zote zilikuja. Ila zile nne tu.

Mambo mengine yaliniongezea hofu. Jumapili moja Dorthe alipiga simu kuuliza kama alete bata wa kuliwa, kama desturi, usiku wa Mtakatifu Martin, tarehe kumi Novemba. Nikasema alete. Baada ya saa moja akapiga tena.

"Mama, nilete bata, au utanunua mwenyewe?"

"Si nimeshakwambia ulete?"

"Hujaniambia kitu. Ndiyo kwanza napiga."

Alisema kwa uhakika sana, naye ni mtu wa ofisini, anasimamia watu kumi na wawili. Nikasema samahani, alete. Wiki iliyofuata alikuja Jumatano wakati mimi nilimtarajia Alhamisi, keki bado haijaingia hata kwenye tanuri. "Tulisema Jumatano, Mama," alisema, akanishika bega kwa upole. Alipoondoka niliandika kwenye bahasha, chini ya saa zangu: simu ya bata, Jumatano. Nilikuwa nakusanya ushahidi dhidi yangu mwenyewe.

Barua ilikuja katikati ya Novemba. Ilikuja kwenye kompyuta, yaani ilikuja kwa Dorthe. Alipiga simu nikiwa namenya viazi.

"Mama, maktaba wameandika. Wanasema kamera imekuona mara ishirini na mbili ukiingia mgongoni kwa watu. Mara ishirini na mbili, Mama."

"Jeppe ananishikia mlango. Ni kijana mwenye adabu."

"Umesahau namba?"

Kisu kilikuwa bado mkononi. Nikakiweka chini taratibu.

"Mama? Umesahau siku yangu ya kuzaliwa?"

Basi aliisema. "Siku yangu ya kuzaliwa," kama Septemba. Hayo mazungumzo yalikuwapo, sikuyatunga. Nilipaswa kufurahi, lakini damu ilinipoa kabisa, kwa kuwa sasa sikuwa tena na pa kujificha. Kama namba ni siku ya kuzaliwa ya mwanangu, na ninayoibonyeza si yenyewe, basi kalenda ya chooni niliiandika vibaya, na theluji ile, na trekta la mkunga, vyote nimevihamisha kutoka siku nyingine. Kila mwaka nimekuwa naweka kibendera mezani siku isiyo yake, na yeye, kwa wema wake, amekuwa akila keki bila kusema.

"Jumanne nakuja tukamuone Merete," Dorthe alisema. "Halafu tutazungumza na mtu wa manispaa. Wala usiogope, Mama. Ni kuzungumza tu."

Siku nne hizo nilisafisha nyumba nzima kama mtu anayeikabidhi. Nilipanga vikombe vya mama yangu ndani ya gazeti, nikavipangua, nikavirudisha kabatini.

Jumanne saa nane mchana tulisimama mbele ya mlango, mimi na Dorthe. Kupitia kioo nilimwona Merete kwenye kaunta, kitambaa kimeondolewa, ananipungia mkono. Merete angeweza kuja kutufungulia. Dorthe akamfanyia ishara asubiri.

"Haya, Mama. Jaribu. Bila haraka."

Nikaingiza kadi. Vidole vyangu vikabonyeza kumi na nne, sifuri tatu, kwa sababu ndicho pekee nilichokuwa nacho. Nyekundu. Nikajaribu tena. Nyekundu. Dorthe akavuta pumzi ndefu, ile ya mtu mzima anayejikaza mbele ya mtoto.

"Pisha kidogo," alisema.

Akanyoosha mkono. Nilipaswa kugeuza uso. Miaka yote nimegeuza uso, benki, dukani, kila mahali. Safari hii sikugeuza. Nilikitazama kidole cha binti yangu, kucha imepakwa rangi nyekundu, kikibonyeza moja. Tatu. Sifuri. Nne.

Kijani. Mlango ukafunguka.

"Umeona?" akasema. "Si ngumu hivyo."

Nakiri kwamba kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Ilinijaa kifuani mpaka nikashika ukuta. Kumi na tatu Aprili! Hiyo si siku ya Dorthe. Hiyo ni siku ya Mads, mwanawe. Mimi ni mzima. Kalenda ni nzima, theluji ni nzima, kichwa changu ni kizima, na mwenye kibao cha kuuzwa si mimi. Nilifungua mdomo kumwambia, nimcheke kidogo, nimdai keki.

"Dorthe," nikasema, "wewe umezaliwa lini?"

"Mama, jamani. Tarehe kumi na tatu Aprili." Akanipapasa mkono. "Pole. Usijali."

"Na Mads?"

Alifikiri. Nilimwona akifikiri. Macho yake yalikwenda juu, yakaja chini, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mifuko ya koti.

"Mads ni... kiangazi," akasema. "Twende ndani, kuna baridi."

Tarehe ya kuzaliwa ndiyo tunayotaja kila mahali tangu tunajua kusema. Tunaitaja kwa daktari wa meno, kwa duka la dawa, kwenye simu na benki, usingizini ukituamsha tutaitaja. Mtu haipotezi. Vingine vyote vinakwenda kwanza. Nilimfuata Dorthe ndani na ile furaha ikawa kitu ambacho bado sijui nikiiteje. Simu mbili za bata. Jumatano. Mimi niliyejua mia nne, nilikuwa nimezihesabu dalili zote vizuri sana, nikaziandika kwenye bahasha ya mtu asiye mwenyewe. Dorthe ana miaka hamsini na minane. Nilipokuwa na umri huo nilikuwa napaka rangi paa.

Merete alikuwa ametuwekea viti. Alikuwa na fomu mbele yake na uso wa huruma.

"Ellinor, hakuna ugomvi hapa," alisema. "Nataka tu kujua kilichotokea, nijaze hii. Namba ilikuwa na kasoro, au ni wewe uliisahau? Na wewe Dorthe, nipe kadi yako nikuandike kama ndugu wa karibu."

Dorthe akatoa kadi yake ya njano akaiweka juu ya kaunta, upande wa namba juu. Namba ilikuwa hapo, mbele ya macho ya kila mtu: kumi na nne, sifuri tatu, sitini na sita. Merete alikuwa anatafuta kalamu. Alikuwapo Septemba, alisikia namba gani imewekwa. Akitazama hiyo kadi, halafu atazame kwenye mashine yake namba iliyowekwa, atajua, na kwa wema wake atampigia mtu simu. Labda kazini kwa Dorthe, labda kwa mumewe, sijui, kabla sijapata hata siku moja ya kufikiri, kabla mwanangu mwenyewe hajaambiwa na mtu anayempenda.

Nikavua glavu zangu nikaziweka juu ya kadi.

"Nilisahau," nikasema.

Neno lile nililolikimbia wiki sita, nililolikwepa nikiingia mgongoni kwa watu, lilitoka jepesi kabisa. Merete akainamisha kichwa akaandika. Dorthe aliushika mkono wangu, akaubana, na nikaona macho yake yamelowa kwa ajili yangu.

"Kadi ya Dorthe nitakutajia mimi namba yake," nikamwambia Merete. "Namba zake nazijua." Nikamtajia zote kumi, haraka haraka, kama nilivyokuwa nikifanya kwenye ubao, naye akaziandika bila kuinua kichwa; fomu ilikuwa imeshapata jibu lake, hakuwa na sababu ya kuzilinganisha na zile za mashine.

Nje, Dorthe alinifunga skafu shingoni kama nilivyokuwa nikimfunga yeye.

"Nitapanga siku ya daktari," alisema. "Ni kuangalia tu kumbukumbu, Mama. Hawaumizi."

"Nitakwenda kwa sharti moja," nikasema. "Tuingie wote wawili. Ukae karibu nami, na kila atakachoniuliza mimi, akuulize na wewe, nisione aibu peke yangu."

"Sawa," Dorthe akacheka. "Sawa, Mama. Lini?"

"Alhamisi," nikamwambia, na nikamwona akitoa kalamu na kuandika kwenye kiganja cha mkono: Jumatano.